Je, Wajua? Wodi Tupu, Mizimu Tele

Sogea hapa, msomaji, leo tunaingia kwenye hospitali ambazo hata mlinzi ameshaondoka. Je, wajua kwamba waliotengeneza Session 9, filamu ya kutisha ya mwaka 2001, hawakujenga hospitali mbovu ya maigizo? Waliikuta ya kweli, juu ya kilima huko Danvers, Massachusetts, Marekani, imefungwa tangu 1992! Rangi inayobambuka, sakafu zilizooza, korido zinazopotelea gizani: vingi unavyoviona kwenye skrini vilikuwa vinawangoja palepale.

Unadhani nini kilitangulia, hadithi au jengo? Jengo! Mwongozaji Brad Anderson aliwahi kuishi Boston, akawa analiona lile jumba akipita barabarani, nalo likamganda kichwani. Ndipo yeye na Stephen Gevedon wakaketi kuandika kisa kinacholistahili, na Gevedon mwenyewe akaigiza humo kama Mike.

Mafundi watano, hospitali moja, wiki moja ya kazi. Wameingia kuondoa asbesto, na katika pitapita zake Mike anakuta kanda za mahojiano ya mgonjwa wa zamani. Kanda za vikao vingapi? Tisa! Sasa umelielewa jina la filamu.

Ngoja, hiyo asbesto usiipite haraka. Ni ile ile iliyoezekea majengo mengi ya zamani hata huku kwetu. Nyuzi zake ni ndogo mno huwezi kuziona, unazivuta leo, na ugonjwa unaweza kubisha hodi miaka 20 hadi 40 baadaye. Filamu ina mzimu, sawa, lakini muuaji wa kweli alikuwa ukutani tangu mwanzo!

Hapa naomba ukae vizuri, maana hili ndilo linalonisisimua kuliko yote. Je, wajua kwamba jengo hilo la kutisha lilichorwa ili kuponya kwa mwanga wa jua? Daktari Thomas Kirkbride wa Philadelphia aliamini kwamba mgonjwa wa akili anahitaji hewa safi, bustani na dirisha lenye jua. Kwa hiyo hospitali za mtindo wake zilijengwa kwa mabawa yanayorudi nyuma hatua kwa hatua, ili kila wodi ipate nuru yake. Ukiitazama Danvers kutoka juu, ni popo aliyekunjua mabawa!

Sasa irudie filamu ukiwa na habari hiyo. Utagundua kwamba matukio mengi yanayokusimamisha nywele hutokea mchana kweupe, jua limejaa chumbani. Madirisha ya Kirkbride bado yanafanya kazi yake, ila waliokusudiwa hawapo tena.

Kirkbride alitaka hospitali moja isizidi wagonjwa 250. Danvers ilifunguliwa mwaka 1878, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imebeba zaidi ya 2,000! Fikiria wodi hizo usiku, halafu uniambie kama unahitaji mzimu.

Na waliofariki humo? Mamia walizikwa kwenye makaburi ya hospitali chini ya vijiwe vyenye namba tu, bila majina. Miaka mingi baadaye, watu waliowahi kulazwa humo wakashirikiana na wenzao kupekua kumbukumbu, wakawarudishia majina yao. Katika mambo yote ya Danvers, hili ndilo ninalolipenda zaidi, na hakuna filamu iliyolitunga.

Haya, kilima chenyewe unakijua? Kinaitwa Hathorne, jina la ukoo wa John Hathorne, hakimu wa kesi za uchawi za Salem za mwaka 1692. Watu 19 walinyongwa na mzee mmoja akafa kwa kukandamizwa kwa mawe. Na kijiji ambako tuhuma hizo zilianzia ndicho hiki hiki kilichokuja kuitwa Danvers!

Kizazi baada ya kizazi, ukoo huo ukampata mwandishi mashuhuri, Nathaniel Hawthorne. Aliongeza herufi "w" katikati ya jina lake. Wengi husema alikuwa anajitenga na yule babu hakimu.

Waigizaji nao ni habari nyingine. Peter Mullan, anayeigiza bosi wa mafundi, alikuwa tayari ametwaa tuzo ya mwigizaji bora huko Cannes mwaka 1998. Mwaka mmoja tu baada ya Session 9 akashinda Simba wa Dhahabu wa Venice, safari hii akiwa mwongozaji! Naye David Caruso alitoka kwenye hospitali hiyo bovu akaingia kwenye CSI: Miami, akakaa humo miaka 10.

Bajeti yake? Kama dola milioni 1.5 tu. Tena ni miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa kupigwa kwa kamera ya dijitali ya picha 24 kwa sekunde, mwendo ule ule wa filamu ya mkanda. Leo karibu kila mtu anatumia dijitali, lakini wakati ule hayo yalikuwa maajabu.

Unatamani kwenda kuiona Danvers? Umechelewa. Sehemu kubwa ilibomolewa mwaka 2006, wakaacha kipande cha sura ya mbele, na nyuma yake zikajengwa nyumba za kupangisha. Aprili 2007 moto mkubwa ukazuka kwenye ujenzi huo, ukaonekana hadi Boston. Watu wanaishi pale sasa hivi, wanapika, wanafua, wanalaza watoto.

Tuvuke bahari twende Korea Kusini. Je, wajua kwamba filamu ya Gonjiam: Haunted Asylum ya mwaka 2018 iliuza tiketi zaidi ya milioni 2.6 nchini mwake? Kisa ni cha vijana wanaoingia usiku kwenye hospitali ya magonjwa ya akili iliyotelekezwa, wakirusha tukio moja kwa moja mtandaoni ili wapate watazamaji. Kuna chumba namba 402 ambacho mlango wake hautaki kufunguka. Wewe ungeugusa?

Cha kushangaza ni nani aliyeshika kamera. Waigizaji wenyewe! Walifungiwa vikamera mwilini, kimoja kikitazama mbele, kingine kikiwatazama usoni, hivyo sehemu kubwa ya filamu waliipiga wao kwa wao. Hata majina wanayoitana humo karibu yote ni majina yao halisi.

Hospitali ya Gonjiam ilikuwepo kweli, na mwaka 2012 kituo cha CNN kiliiweka kwenye orodha ya sehemu 7 za kutisha zaidi duniani. Lakini filamu haikupigwa humo hata kidogo! Ilipigwa kwenye shule ya zamani ya mabaharia mjini Busan. Mwenye jengo halisi alikwenda mahakamani kutaka filamu izuiwe, akashindwa, ikatoka mwezi Machi. Mei mwaka huo huo jengo likabomolewa.

Umeitazama Squid Game? Basi yule polisi kijana anayemtafuta kaka yake, Wi Ha-joon, ndiye kiongozi wa vijana wale wa Gonjiam! Na mwenzake Park Sung-hoon naye akaja kuingia Squid Game msimu wa 2. Wametoka kwa mizimu wakaangukia pabaya zaidi.

Kanada nao wana yao. Hospitali ya Riverview, karibu na Vancouver, ilipokea wagonjwa kuanzia mwaka 1913 na kufungwa 2012, na kwa miaka mingi wodi zilizokuwa tupu zilikodishwa kwa watu wa filamu. The X-Files walipita pale, Supernatural walipita pale. Mwaka 2011 ikatoka Grave Encounters: watangazaji wa televisheni wanafungiwa usiku mmoja, saa zinaonyesha kumekucha, na jua halichomozi. Wanavunja mlango wa kutokea, na nje wanakuta korido nyingine!

Ujerumani, karibu na Potsdam, kuna majengo ya Beelitz yaliyoanza kujengwa mwaka 1898 kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Je, wajua nani alitibiwa humo mwaka 1916 baada ya kujeruhiwa mguu vitani? Askari kijana, Adolf Hitler! Baadaye Wasovieti waliyageuza hospitali ya jeshi lao hadi 1994, na filamu ya A Cure for Wellness ya mwaka 2016 ikatumia vyumba vyake vilivyochakaa.

Hitler hakukutisha? Nenda Louisville, Kentucky, kwenye hospitali ya kifua kikuu ya Waverly Hills, iliyofunguliwa mwaka 1910. Chini yake kuna handaki la mita kama 150, ambamo maiti zilishushwa kwa siri ili wagonjwa waliobaki wasione na kukata tamaa. Filamu ya Death Tunnel ilipigwa humo humo. Na hospitali ilifungwa mwaka 1961 kwa sababu njema kabisa: dawa ya streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, kifua kikuu kikaanza kupona, wagonjwa wakapungua!

Lakini mizimu yenyewe, je? Sikiliza hii. Miaka ya 1980 mhandisi Mwingereza Vic Tandy alikuwa akifanya kazi usiku kwenye maabara ya kampuni ya vifaa vya hospitali, akatokwa jasho jembamba, na pembeni ya jicho akaona kivuli cha kijivu. Alipogeuka, hakipo!

Kesho yake alileta upanga mwembamba wa mchezo wa vitara aukarabati, akaubana kwenye jiliwa, nao ukaanza kutetemeka wenyewe. Akapima, akampata mkosaji: feni mpya ya kutolea hewa, iliyokuwa ikitoa mtikisiko wa mara 19 kwa sekunde. Sikio la binadamu huanzia karibu na 20. Alisikia kwa mwili wake kile ambacho sikio halikuweza kukisikia! Feni ikarekebishwa, mzimu ukahama.

Na mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyosikia nyayo na kuona watu wasiokuwepo ndani ya nyumba yao. Watoto walipauka, mimea ikafa. Kumbe tanuri la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu, likivujisha gesi ya sumu ya kaboni monoksidi. Lilipotengenezwa, wageni wale hawakurudi tena.

Bado uko nami? Twende Denmark. Je, wajua kwamba tamthilia ya Riget ya Lars von Trier, mwaka 1994, iliweka mizimu kwenye hospitali kubwa ya nchini humo, Rigshospitalet ya Copenhagen, ambayo inatibu watu mpaka leo? Ndani yake Bibi Drusse anajisingizia ugonjwa ili alazwe, kwa kuwa amesikia mtoto akilia kwenye shimo la lifti. Kuna mwandishi mmoja Mmarekani ikamgusa sana: Stephen King!

King aligongwa na gari mwaka 1999 akitembea kando ya barabara, akalazwa na kufanyiwa upasuaji mara kadhaa. Mwaka 2004 akatoa Riget yake ya Kimarekani, Kingdom Hospital, vipindi 13. Shujaa wake anafikaje hospitalini? Amegongwa na gari kando ya barabara!

Riget ya pili ilitoka mwaka 1997, kisha waigizaji wakuu wawili wakafariki, na kila mtu akaamini imeishia hapo. Ikarudi mwaka 2022, miaka 25 baadaye! Zamani von Trier alikuwa akijitokeza mwisho wa kila kipindi amevaa suti rasmi kuzungumza na watazamaji. Safari hii alisema nao akiwa nyuma ya pazia, na kilichoonekana ni viatu vyake tu.