Gari linang'aa, tairi ni kipara: Mvua ikinyesha utajua hujui

KIJANA akipata gari lake la kwanza, iwe ni Vitz, Demio au Probox lililopitia mikononi mwa watu kadhaa, pesa za mwanzo huenda kwa redio, rimu zinazong'aa na stika ya kioo cha nyuma. Matairi husubiri. Ukimuuliza, atakwambia, "Hizi bado zinasukuma."

Na kweli zinasukuma. Shida ni kwamba kazi ya tairi si kusukuma tu. Kazi yake kubwa ni kusimamisha.

Fikiria hivi. Gari dogo lina uzani wa takriban tani moja, lakini sehemu inayogusa lami ni vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kikitoshana na kiganja cha mkono. Breki husimamisha gurudumu. Kinachosimamisha gari ni mpira kushika barabara. Ukiwa kwa kilomita 100 kwa saa, kila sekunde moja unamaliza karibu mita 28, zaidi ya urefu wa mabasi mawili makubwa. Tairi likichelewa kushika kwa sekunde moja tu, tayari uko chini ya lori lililokuwa mbele yako.

Tairi kipara ni janja. Wakati wa kiangazi linaweza kushika lami kavu vizuri tu, nawe ukadhani uko salama. Kisha mvua ya masika inafika. Ile mifereji unayoiona kwenye tairi jipya haikuwekwa kwa urembo. Hunyonya maji yaliyo chini ya gurudumu na kuyatupa kando. Mifereji ikiisha, maji hayana pa kwenda. Yanabaki kati ya mpira na lami, na gari linaanza kuelea. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, unakanyaga breki na hakuna kinachotokea.

Hatari ya pili ni kupasuka. Mpira ukiwa mwembamba, msumari, jiwe au ukingo wa shimo hufika haraka kwenye nyuzi za ndani zinazolishikilia tairi. Ongeza joto la safari ndefu kama ya Nairobi kwenda Mombasa, mzigo wa kupindukia na upepo usiotosha, na tairi hulipuka ukiwa kwa kasi.

Utajuaje kama lako limeisha? Huhitaji fundi. Chungulia ndani ya mifereji. Utaona vijituta vidogo vya mpira vilivyowekwa na mtengenezaji. Vinaonyesha kina cha milimita 1.6, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa kisheria katika nchi nyingi. Tairi jipya la gari dogo huwa na takriban milimita 8. Vijituta vikiwa sawa na uso wa tairi, mwisho wake umefika.

Angalia pia limeishaje. Likiisha kingo zote mbili, umekuwa ukiendesha na upepo mdogo. Likiisha katikati, upepo ulizidi. Likiisha upande mmoja, magurudumu hayajanyooka na yanahitaji alainmenti. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa kufuata kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Kisha kuna umri. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ukiona 3518, lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka wa 2018. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Mashabiki wa filamu za Fast & Furious wanakumbuka kifo cha mwigizaji Paul Walker huko California, Novemba 30, 2013. Wachunguzi walisema chanzo cha ajali hiyo kilikuwa kasi, lakini walitaja pia kwamba matairi ya gari hilo yalikuwa na umri wa miaka tisa, jambo ambalo huenda lilipunguza uwezo wa dereva kulidhibiti. Lilikuwa gari la mamilioni ya pesa.

Hapa ndipo tairi la mtumba hunasa wengi. Muuzaji atakwambia, "Boss, hii ni ex-Japan, bado ina maisha." Kabla ya kutoa pesa, soma zile tarakimu nne, tafuta nyufa ubavuni, na pitisha mkono ndani kuona kama limezibwa mara nyingi. Mengine huchongwa mifereji upya kwa kisu cha moto ili yaonekane mapya. Kwa tairi la gari dogo, hilo ni kupunguza mpira ambao tayari umeisha.

Tunajua uchumi ni mgumu, hasa kwa kijana anayeendesha teksi ya programu ya simu na anayehesabu mafuta kila asubuhi. Kama huwezi kununua manne, nunua mawili na uyaweke nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza gari huzunguka. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kuendesha gari ambalo hali yake ni hatari kwa watu, na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa ikibainika gari halikufaa kuwa barabarani.

Tairi likipasuka ukiwa mwendoni, usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, toa mguu kwenye mafuta na uache gari lipunguze kasi lenyewe kabla ya kutoka kando. Gari likianza kuelea majini, fanya hivyo hivyo.

Na wewe abiria, kabla ya kupanda gari la rafiki kwenda kutazama Safari Rally Naivasha, zunguka uangalie magurudumu. Ukiona kipara, sema. Atakucheka, lakini sema.

Tairi lililoisha bado lina kazi. Hutengenezwa akala, hupandwa maua, hufungwa mtini watoto wakabembea. Kubeba watu si mojawapo.