Jina la Faili na Kiendelezi Chake: Shauri kwa Mwalimu wa TEHAMA

Katika ufundishaji wa TEHAMA limo tatizo dogo ambalo huwavunja watoto moyo kuliko hata umeme kukatika. Tuseme mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Mpanda ameandika kwa Notepad ukurasa mfupi wa HTML juu ya viboko wa Ziwa Katavi, akauhifadhi kwa jina kiboko.html. Aufunguapo, haoni ukurasa, bali alama zilezile alizoandika. Hudhani amekosea, akafuta kazi yote na kuanza upya. Mwalimu asiyejua chanzo humwacha afute, pengine humkemea.

Kumbe alama zake ni sahihi. Kasoro imo katika jina. Herufi zifuatazo nukta ya mwisho huitwa kiendelezi, nazo ndizo ziiambiazo Windows faili ifunguliwe kwa programu ipi. Notepad, ikiwa imeachwa katika aina ya matini, huweza kuongeza .txt, na faili ikawa kiboko.html.txt. Tena Windows, isiporekebishwa, huficha viendelezi inavyovitambua. Ndiyo sababu mtoto aliona kiboko.html akaridhika.

Kwa hiyo, mwanachuo, usiguse kazi ya mtoto kabla ya kuliona jina kamili. Fungua kabrasha lenye faili, nenda kwenye "View", kisha uruhusu "File name extensions" (katika Windows 11 hupatikana chini ya "Show"). Wako wasemao kuwa viendelezi vitawachanganya watoto. Mimi naona kinachowachanganya ni kile kilichofichwa. Afadhali kompyuta zote za darasa zirekebishwe kabla ya somo.

Jina likishaonekana, lisahihishwe kwa kuondoa .txt. Wakati mwingine, katika kuhifadhi, achague "All files" mahali pa aina ya faili, au alifunge jina zima katika alama za kunukuu.

Lakini tahadhari moja ni lazima. Kubadili kiendelezi hakubadili yaliyomo. Ukiandika "mchele" juu ya gunia la mpunga wa Mpimbwe, mpunga haukobolewi kwa maandishi hayo. Vivyo hivyo picha iliyopewa.txt hubaki picha, na Notepad itaonyesha herufi zisizosomeka. Waache watoto walijaribu hilo wenyewe kwa nakala ya picha, kisha wairudishie kiendelezi chake na kuifungua tena.