Jinsi Mpiga Picha Anavyonasa Mwendo

Picha haitembei. Ukiitundika ukutani leo, kesho utaikuta papo hapo. Hata hivyo, kuna picha za mbio, za ngoma na za magari ambazo ukizitazama unahisi kama kitu kinakupita kwa kasi. Je, kitu kisichosogea kinawezaje kuonyesha mwendo? Nitajaribu kueleza, na mifano mingi nitaitoa hapa hapa Makindu. Sisi mwendo hatuutafuti mbali, maana barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa inatupitia usiku na mchana.

Kwanza tuijue kamera. Ndani yake mna kilango ambacho wapiga picha hukiita shata. Ukibonyeza kitufe, shata hufunguka, mwanga huingia, halafu hujifunga. Simu nyingi hazina kilango hicho, lakini nazo hupokea mwanga kwa muda uliopimwa. Muda huo ndio siri yote. Kila kinachosogea wakati mwanga unaingia hujichora mahali pote kilipopita.

Tufanye hesabu kidogo, wala usiogope. Basi la abiria likienda kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu linayoruhusiwa na sheria ya Kenya, linasafiri karibu mita 22 kwa sekunde moja. Shata ikifunguka kwa sehemu moja ya 1000 ya sekunde, basi linasogea sentimita 2 hivi. Hilo jicho halitalitambua pichani. Lakini ikifunguka kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde, basi linasogea sentimita 74. Hapo linatoka likiwa limevutika kama ukungu.

Basi, njia ya kwanza ni kugandisha, yaani kutumia muda mfupi sana. Njia hii inadai mwanga mwingi, na jua la huku kwetu halina uchache. Aliyeifanya ijulikane ulimwenguni ni Eadweard Muybridge. Mwaka 1878, huko Palo Alto, Marekani, alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, kila moja ikijipiga yenyewe farasi alipofika mbele yake. Watu walikuwa wakibishana iwapo farasi akitimua mbio huinua miguu yote minne kwa pamoja. Picha zilionyesha kwamba huinua, tena miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Jicho la binadamu lilikuwa limeshindwa kuliona jambo hilo kwa karne nyingi!

Njia ya pili ni kungojea kilele. Wacheza ngoma wa Kikamba wanasifika kwa kuruka na kupinduka hewani. Katika Fizikia tunafundishwa kwamba kitu kilichorushwa juu hupunguza kasi, na kikifika kileleni kasi yake ya kupanda huwa sufuri kabla hakijaanza kushuka. Mpiga picha mjanja hubonyeza hapo hapo. Hahitaji kamera ya bei ghali, anahitaji kuufuata mdundo wa ngoma ili ajue mchezaji ataruka lini.

Njia ya tatu ni kinyume cha kugandisha, nayo ni kuacha shata wazi kwa muda mrefu. Mwaka 1838, Louis Daguerre alipiga picha ya barabara moja ya Paris, Ufaransa. Kamera ilibaki wazi dakika kadhaa. Barabara ilijaa watu na magari ya farasi, lakini pichani inaonekana tupu. Waliokuwa wakipita hawakukaa mahali pamoja kiasi cha kujichora. Aliyeonekana wazi ni mtu aliyesimama akipigiwa viatu rangi. Ukiweka kamera juu ya kitu imara kando ya barabara yetu usiku, uiache wazi nusu dakika, malori hutayaona. Utaona mistari mirefu tu, myeupe na myekundu, ya taa zake.

Njia ya nne ni kufuata. Unaligeukia basi pamoja na kamera kwa kasi ile ile linayopita, huku shata ikikaa wazi kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde. Ukiweza, basi litatoka safi, na migunga na maduka ya nyuma yatageuka michirizi. Si mchezo! Wapiga picha wa mbio za magari za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953, huitumia sana. Wakiamua kugandisha, huhakikisha vumbi linaonekana nyuma ya gari, maana vumbi ni shahidi kwamba gari halikusimama.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka tulifikirie. Niliwaonyesha wenzangu darasani picha mbili za mabasi yaliyokuwa yakipita hapa mjini, moja imegandishwa na nyingine imepigwa kwa kufuata. Ile ya kwanza walisema, "Hili limesimama, linangoja abiria." Ya pili wakasema, "Hili linakimbia!" Kumbe mabasi yote mawili yalikuwa mbioni. Kwa hiyo picha iliyo wazi kabisa, inayokuwezesha hata kusoma namba ya gari, inaweza kukuficha kasi. Nayo yenye ukungu, ambayo wengi wetu tungesema imeharibika, ndiyo inayosema ukweli kuhusu mwendo. Ukitaka kujua gari ni la nani, gandisha. Ukitaka kujua lilikuwa likifanya nini, mwachie mpiga picha ukungu wake.

Sisi tunaovuka barabara hii kila asubuhi tuna sababu ya kulijua hilo. Gari likiwa mbali na linakuja moja kwa moja upande wako, jicho huliona kama picha iliyogandishwa. Linaonekana dogo, limetulia, na unajiambia, "Ngoja nipite." Kusema maneno hayo mawili ni kama sekunde moja, na katika sekunde hiyo basi limeshakula mita 22. Ndugu zangu, ngojeni lipite kwanza.