TELEVISHENI YA TAIFA NI YA NANI?

Ndugu wafanyakazi, sisi wa Jinja tunajua umeme unatoka wapi. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka huo huo redio ya Serikali ya kikoloni ilianza kazi Kampala. Uganda Television, yaani UTV, ilifuata mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya Uhuru. Umeme wake ulitoka hapa kwetu, lakini televisheni yenyewe ilikaa sebuleni kwa meneja. Sisi kambini tulisikiliza redio.

Mwaka 1975 UTV ilianza kuonyesha picha za rangi, maana wakuu wa nchi za Afrika walikuja Kampala kwa mkutano wa OAU. Ikumbukwe hali ya wakati ule. Waasia walikuwa wamefukuzwa mwaka 1972, viwanda vimekosa vipuri, na sukari, ambayo miwa yake tuliikata wenyewe, tuliinunua kwa magendo. Rangi zilikuwa kwenye kioo tu! Jirani zetu wa Tanzania bara walikaa bila televisheni hadi miaka ya 1990. Walishika redio kwanza, na sisi hatuoni kwamba walikosea, kwa kuwa redio humfikia mkata miwa shambani.

Mwaka 2005 Bunge lilipitisha sheria ya kuunganisha Radio Uganda na UTV, likazaliwa shirika la UBC. Hilo ni shirika la umma. Pesa za Serikali zinazoingia humo ni kodi, na kodi yetu hukatwa kwenye mshahara kabla hatujaushika. Tena mwaka 2015 mitambo ya zamani ilipoanza kuzimwa, mwenye televisheni kuukuu ilimbidi atafute king'amuzi.

Sasa tupate nini? Kiwandani Msoga, Mgisu, Mteso na Mjaluo huelewana kwa Kiswahili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kiwe lugha rasmi. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ipo tangu mwaka 2000. Je, wangapi kati yetu wameiona ikielezwa kwenye kioo kwa lugha hiyo? Mwenzetu hukatwa vidole na mashine ndipo aanze kuuliza haki yake.

Tunaomba kila tawi lijadili jambo hili katika mkutano wake, na katibu aandike barua kwa UBC kudai kipindi cha wafanyakazi kwa Kiswahili, jioni, baada ya zamu ya mchana kutoka.