Bustani za mpakani: fedha zipo, vitabuni hazionekani

Busia, mji wa mpakani mwa Kenya na Uganda, haijawahi kukosa ubunifu wa kusaka shilingi. Miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walikigeuza kipande kitupu cha barabara kati ya malango mawili ya mpaka kuwa ajira, nayo bodaboda ikazaliwa. Kwa hiyo afisa wa mapato anaposema bustani za mji ni mzigo usioingiza kitu, mtu hujiuliza kama amewahi kupita huko Jumapili alasiri.

Mpiga picha mmoja wa upande wa Kenya hatoki chini ya miti bila kulipa ushuru wa siku. Muuza njugu hulipa, mwenye hema na viti vya harusi hulipa, na wateja wao huja na shilingi za nchi zote mbili. Halalamikii ushuru wenyewe. Kinachomkera ni risiti kuandikwa ada ya soko. Akiuliza kuhusu taa zilizokufa, ambazo humfungia kazi jua likizama, hujibiwa kuwa bustani haina mapato. Wateja wake, anauliza, huwapiga picha sokoni?

Sheria nayo ina mkono wake. Katiba ya Kenya ya 2010 huyapeleka mapato ya kaunti katika mfuko mmoja, isipokuwa yale yaliyotengwa na sheria. Hospitali za umma zilipata sheria ya kubaki na makusanyo yao mwaka 2023. Bustani bado.

Mapendekezo hayakosekani: mabango, minara ya simu, maegesho ya malori. Ofisi huyapenda kwa kuwa mkataba ni mmoja na mlipaji ni mmoja. Kivuli kikiisha, hilo si shida ya ofisi. Kwingine, bustani ya Forodhani ya Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, huvuta watu kwa meza za vyakula vya jioni. Msitu wa Karura wa Nairobi hutoza kiingilio, lakini mwaka 2025 hata huko ulizuka mzozo kuhusu akaunti ya kupokea fedha hizo.

Tororo, mji wa Uganda, huenda ikawa na njia nyepesi zaidi, kwa sababu ina mwamba wake, na mgeni anayetaka kuupanda hashangai kuombwa ada. Busia haina mwamba. Ina miti, watu wa Jumapili, na kitabu cha risiti kinachohitaji safu moja zaidi.