Kauri Ndani ya Jino: Mshiko Hudumu Miaka Mingapi?

Septemba 1985, katika Chuo Kikuu cha Zurich, daktari wa meno Werner Mörmann alimtibu mgonjwa kwa namna ambayo haikuwahi kufanyika. Tundu la jino lilipigwa picha kwa kamera ndogo, mashine aliyoibuni pamoja na mhandisi Marco Brandestini ikachonga kipande cha kauri chenye rangi ya jino, na kipande kikabandikwa siku ile ile. Uchongaji ulikuwa umepata jawabu. Lililobaki ni kujua kama saruji iliyo kwenye ufa mwembamba kati ya kauri na jino ingevumilia miaka ishirini ya kutafuna, ya chai ya moto na maji baridi.

Kipande cha aina hii huitwa inlei. Hakifanani na dawa laini ya kuzibia inayogandia mdomoni, kwa sababu chenyewe huja kikiwa kigumu tayari. Inlei za zamani zilikuwa za dhahabu, na saruji ya fosfati ya zinki iliwatosha madaktari ingawa haikushikana na jino kikemikali: ilijaza mikwaruzo tu, na kuta za tundu ndizo zilizobana. Dhahabu hupinda kidogo bila kuvunjika. Kauri haina uvumilivu huo. Isiposhikwa barabara kila upande, mkandamizo wa taya huipasua. Kwa hiyo saruji ya inlei ya kauri ni sehemu ya uimara wa kipande chenyewe, na anayeiona kuwa kijaza nafasi tu anakosea sana.

Mlango wa kupata mshiko wa namna hiyo ulifunguliwa mwaka 1955 huko Rochester, New York, pale Michael Buonocore alipopaka asidi ya fosfori kwenye enameli, lile tabaka gumu la nje, kwa sekunde 30. Asidi ilitoboa vishimo visivyoonekana kwa macho, resini, yaani plastiki ya majimaji inayotumika kama saruji, ikapenya humo na kuganda. Enameli ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake, haina maji mengi, na mshiko wake huzeeka polepole mno. Upande wa kauri nao ulipatiwa dawa katika miaka ya 1980: hupakwa asidi ya hidrofloriki, kisha sileni, kiungo kinachoiunganisha kauri na resini.

Taabu iko ndani zaidi, kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli.

Dentini ina nyuzi za kolajeni, ina maji, na ina mirija midogo inayopitisha umajimaji kutoka kwenye kiini cha jino. Kuibandika ni kama kubandika plasta kwenye ngozi inayotoka jasho. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi na wenzake nchini Japani walieleza jinsi resini inavyoweza kuingia kati ya nyuzi hizo na kujenga tabaka mseto, nusu jino nusu resini. Tabaka hilo hushika vizuri sana siku ya kwanza. Lakini resini haifiki kila mahali, na nyuzi zinazobaki wazi huanza kuliwa. Mwaka 2004 David Pashley na wenzake walionyesha kwamba kolajeni ya dentini iliyopakwa asidi inaweza kumeng'enywa na vimeng'enya vya dentini yenyewe, hata pasipo bakteria. Maji nayo huilainisha resini taratibu. Ndiyo maana tangazo linalotaja nguvu ya saruji baada ya saa 24 halimwambii mgonjwa mengi.

Ushahidi wenye uzito hutoka vinywani mwa watu. Nchini Uswidi, watafiti walifuatilia kwa miaka 10 inlei 66 za kauri zilizochongwa kwa mashine ya Zurich. Baadhi zilibandikwa kwa resini inayoganda kwa kemia pekee, nyingine kwa resini inayotegemea kemia na mwanga kwa pamoja. Kundi la kwanza lilisalia lote. La pili asilimia 77. Sababu inayoingia akilini ni kwamba mwanga hupungua ukipita kwenye kauri nene, na resini isiyoganda sawasawa hubaki dhaifu. Utafiti ulikuwa mdogo, na saruji zimeboreshwa tangu hapo, lakini onyo lake kuhusu mwanga lingali na maana katika kila kliniki.

Kwa jumla habari ni njema. Katika kliniki moja ya Uswisi, uwezekano wa inlei na vipande vikubwa vya aina hiyo kudumu hadi miaka 17 ulikadiriwa kuwa asilimia 88.7, na nyingi kati ya zilizoharibika zilipasuka kauri. Mafanikio hayo hayatoki kwenye chupa ya saruji peke yake. Mate yakigusa jino lililokwisha kupakwa asidi, mshiko hupungua papo hapo, na ndiyo sababu daktari makini hulizungushia jino kipande chembamba cha mpira kabla ya kubandika. Ukingo ulio juu ya enameli una bahati kuliko ule ulioshuka hadi kwenye dentini karibu na ufizi.

Baada ya miaka kadhaa, mgonjwa anaweza kuona mstari wa kahawia kuzunguka kipande. Saruji ni laini kuliko kauri na enameli, hivyo hulika kwanza na kuacha mfereji mdogo unaoshika rangi ya chai. Mstari huo si lazima uwe jino lililooza. Daktari huukagua, na mara nyingi huweza kuusugua au kuujaza upya bila kung'oa inlei nzima.