Tenda imeibwa? Kabla ya kuita kamera, jua mlango wa kubisha

1/ Kila mjadala wa tenda kubwa lazima mtu aseme: "Tumeibiwa, tunaenda kortini!" Makofi yanapigwa. Lakini hakuna anayeuliza: aliyenyimwa tenda amebisha mlango gani, na siku ngapi zimepita? Malalamiko ya haki yanaweza kufa hapo tu. Twende polepole.

2/ Sheria ni ile ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Mlango wa kwanza si Mahakama Kuu. Ni bodi ya kusikiliza malalamiko ya zabuni, ile tunaita PPARB. Kampuni ina siku 14 tangu ipewe barua ya matokeo, au tangu kosa litokee. Wikendi zinahesabiwa, bana.

3/ Kwa nini huko? Kwa sababu ofisi ya serikali ikishaarifiwa na PPARB kwamba kuna malalamiko, kila kitu kinasimama. Hakuna kusaini mkataba. Bodi ina siku 21 kuamua, na inaweza kufuta matokeo au kuagiza tathmini irudiwe.

4/ Sheria pia inakataza mkataba kusainiwa kabla ya siku 14 kuisha tangu barua zitolewe. Lakini zikiisha ukiwa bado unaita waandishi wa habari, mkataba unaweza kusainiwa kihalali. Ukisainiwa hivyo, PPARB haina mamlaka tena.

5/ Hujaridhika na PPARB? Sasa ndio unaenda Mahakama Kuu, ndani ya siku 14. Korti ina siku 45. Baada ya hapo una siku 7 za kwenda Mahakama ya Rufaa, nayo pia ina siku 45. Korti ikishindwa kuamua ndani ya muda huo, uamuzi wa PPARB ndio unabaki.

6/ Na PPRA je? Usichanganye herufi. PPRA ni msimamizi wa ununuzi wote wa umma, na ina nguvu ya kuchunguza. EACC ni ya hongo na ufisadi. Peleka ushahidi huko, ni sawa kabisa. Lakini barua yako kwao haisimamishi zile siku 14. Mtu anaweza kushtakiwa kwa hongo na tenda bado usiipate.

7/ "Mimi ni mwananchi tu, sikuomba tenda." PPARB si mlango wako, ni wa walioshiriki zabuni. Wako ni PPRA, EACC, au kesi ya kikatiba Mahakama Kuu. Kifungu cha 227 kinataka ununuzi uwe wa haki, wazi, wa ushindani na usiopoteza pesa. Pesa ni zako.

8/ Kwa hivyo mwanasiasa akipiga kelele kuhusu tenda, muulize matatu: Barua ya matokeo ilitoka lini? Malalamiko yamepelekwa wapi? Mkataba umesainiwa? Akikosa majibu, ujue hapo ni siasa tu, na siku zinahesabika.